Mbona kwa 3 tunajumlisha tarakimu, na kwa 4 hatujumlishi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano mkoani Kagera, wanafunzi 87 katika chumba kimoja. Nimewaandikia kanuni zote za kugawanyika kwenye manila, kuanzia 2 hadi 11, na wanaziimba kila asubuhi. Nikiwapa zoezi lililochanganywa, wanaharibu. Mmoja kaandika kuwa 13 inagawanyika kwa 4 kwa sababu 1 + 3 = 4. Mwingine anasema 23 inagawanyika kwa 3 kwa kuwa imeishia na 3. Mtihani wa mwisho wa mwaka hauko mbali. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwanza nakuomba usiwakasirikie hao wawili. Huyo wa 13 anaijua vizuri kanuni ya kujumlisha tarakimu, ila ameipeleka mahali pasipo pake. Huyo wa 23 anaijua kanuni ya kuangalia tarakimu ya mwisho. Wote wamekariri ulichowapa. Walichokosa ni sababu, na mtu asiyejua sababu hana namna ya kutambua kanuni ipi ni ya namba ipi.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, binti mmoja wa Darasa la Tano alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona kwa tatu tunajumlisha, na kwa nne hatujumlishi?" Nikamwambia ndivyo kanuni ilivyo. Alikaa, lakini niliona usoni kwake kuwa sijamjibu, na ni kweli sikumjibu, maana sikujua. Nilikwenda kutafuta. Nilipolipata jibu nilisikitika sana kwamba nimepita shule na chuo bila mtu yeyote kunionyesha jambo jepesi namna ile. Ndilo ninalotaka kukuonyesha leo, na nakuomba uiondoe ile manila ukutani kwa muda.

Kanuni zote ulizoandika zinajibu swali moja tu: ukigawa kumi kwa namba fulani, kinabaki nini? Na mia je? Na elfu? Mtoto anayeweza kujibu hayo anaweza kujitengenezea kanuni mwenyewe, hata akiisahau njiani.

Kabla ya hapo, hakikisha neno lenyewe limeeleweka. Katika Kiswahili cha nyumbani kila kitu kinagawanyika. Maandazi saba wakipewa watoto wawili, kila mmoja anapata matatu na nusu na hakuna anayelalamika. Kwa hiyo mtoto anayesema 7 inagawanyika kwa 2 hajakosea Kiswahili. Darasani tunataka kugawa bila kukata na bila kubakiza. Mimi huwaita wanafunzi saba mbele na kuwaambia wajigawe timu mbili zilizo sawa. Mmoja anabaki katikati, wenzake wanacheka, na kuanzia hapo neno "baki" lina sura ya mtu. Wewe sema kila mara "inagawanyika bila baki", na wao waseme vivyo hivyo, hadi liwe jambo la kawaida midomoni.

Sasa vijiti. Waambie wanafunzi waje na vijiti vya kuhesabia, uvifunge kwa raba kumi kumi, kisha mafungu kumi uyafunge pamoja yawe fungu kubwa la mia. Kwa darasa kubwa kama lako fanya mara moja mbele ya wote kwa namba kubwa, halafu makundi yarudie kwa namba ndogo kama 42 au 57. Weka mezani 243: mafungu mawili ya mia, manne ya kumi, na vijiti vitatu vya peke yake. Waite watoto watatu wa kugawiwa.

Anza na fungu moja la kumi. Lifungue, gawa. Kila mtoto anapata vijiti vitatu, kimoja kinabaki. Hicho kimoja kiweke mezani, pembeni. Fungua fungu la pili la kumi: kimoja tena. La tatu, kimoja. La nne, kimoja. Mezani pembeni pana vijiti vinne. Hapo uliza, "Mbona ni vinne?" Mtu atasema, kwa sababu mafungu yalikuwa manne. Nenda kwenye mia. Kila mtoto anapata 33, ambazo ni 99 kwa wote, na kimoja kinabaki. Mia mbili, vijiti viwili. Vile vitatu vya peke yake navyo vipeleke pembeni bila kuvigusa. Sasa pembeni pana viwili, na vinne, na vitatu.

Hapo nyamaza, mwalimu. Andika ubaoni 243, kisha chini yake 2 + 4 + 3, rudi nyuma hatua mbili na uwaache watazame. Katika miaka yangu yote sijapata saa ya Hisabati inayonipendeza kuliko dakika hiyo. Kwanza kimya, halafu mnong'ono unaanzia dawati moja, halafu mtu anapiga kelele kwamba vijiti vilivyobaki ni tarakimu zilezile za namba. Ndiyo maana tunajumlisha. Kila kumi inabakiza kimoja, kila mia inabakiza kimoja, kila elfu inabakiza kimoja, kwa sababu 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa 3. Vilivyobaki ni 9, watoto watatu wanavigawana, hakuna kinachobaki. Na kwa kuwa 9, 99 na 999 zinagawanyika pia kwa 9, kanuni ya 9 imeshafundishika bila somo jingine.

Usiwaache waondoke hapo bila kuona jambo la pili. Jumla ya tarakimu haisemi "ndiyo" au "hapana" tu, inataja na baki lenyewe. Chukua 245: jumla ni 11, na 11 ukigawa kwa 3 inabaki 2. Gawa 245 yenyewe kwa 3 uone kama hazibaki mbili. Watoto wanapenda sana kutabiri baki kabla mwenzao hajamaliza kugawa kwa njia ndefu.

Siku inayofuata rudisha vijiti vilevile, ila waite watoto wanne. Fungu la kumi: kila mmoja viwili, na vinabaki viwili, si kimoja. Mwite yule aliyeandika kuwa 13 inagawanyika kwa 4, mpe fungu moja la kumi na vijiti vitatu, agawe yeye mwenyewe. Fungu litambakizia viwili, na vile vitatu vyake, jumla vitano. Wanne watapata kimoja kimoja na kimoja kitabaki. Hutahitaji kumwambia kuwa amekosea, na kosa lile hatalirudia, kwa sababu ameshika mkononi kile kijiti kilichozidi.

Kisha fungua mia. Watoto wanne wanapata 25 kila mmoja na mezani hapabaki kitu. Hapo ndipo ilipo siri ya 4: mia haina baki, na elfu ni mia kumi, kwa hiyo haina baki pia, wala laki wala milioni. Namba iwe ndefu kiasi gani, kinachoweza kuleta tatizo ni makumi na mamoja tu. Ndiyo sababu ya kuangalia tarakimu mbili za mwisho. Na kwa kuwa kila kumi inabakiza mbili, mwanafunzi anaweza kuzidisha makumi kwa 2 na kujumlisha mamoja. Kwa 76: makumi 7 mara 2 ni 14, ongeza 6, ni 20, inagawanyika. Wanafunzi wako 87 wenyewe: 16 na 7 ni 23, inabaki 3, kwa hiyo ukiwapanga makundi ya wannewanne watatu watakosa kundi. Kwa watatuwatatu 8 na 7 ni 15, basi wanatosha, makundi 29 kamili. Wape hesabu hiyo ya darasa lao wenyewe.

Namba 8 inafuata njia hiyohiyo. Elfu ni 8 mara 125, haina baki, basi tunaangalia tarakimu tatu za mwisho. Namba 2, 5 na 10 usizipotezee muda: kumi yenyewe inagawanyika kwa zote tatu, kwa hiyo mamoja peke yake ndiyo yanayoamua. Huyo wa 23 mwonyeshe hapa tofauti yake. Tarakimu ya mwisho inatosha pale tu ambapo kumi haibakizi kitu, na kwa 3 kumi inabakiza.

Kuna jambo la lugha ambalo walimu wengi hatulioni. Kiswahili kinasema "kumi na moja" na "kumi na mbili", nafasi zote mbili unazisikia. Kikifika ishirini kinabadilika: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, majina yaliyotoka Kiarabu, na mtoto hasikii tena makumi ndani yake. Ukivuka mpaka kwenda Uganda utasikia Waganda wanasema amakumi abiri, na Rwanda makumyabiri. Hapo kwenu Kagera watoto wengi wanatoka nyumba zinazohesabu kwa makumi namna hiyo. Itumie hazina hiyo. Katika somo hili waache waseme 243 kuwa "mia mbili, makumi manne na mamoja matatu". Utaona kasi yao inaongezeka, kwa sababu namba inajieleza inavyotamkwa.

Sasa nije kwenye mtego ambao naona unawaangusha hata walimu. Tunafundisha kuwa namba ikigawanyika kwa 2 na kwa 3 inagawanyika kwa 6. Ni kweli. Mwanafunzi mwerevu anaondoka na wazo kuwa ukizidisha kanuni mbili unapata ya tatu, kisha anasema namba inayogawanyika kwa 4 na kwa 6 inagawanyika kwa 24. Mpe 36. Inagawanyika kwa 4, inagawanyika kwa 6, kwa 24 inabaki 12. Mpe na 12 kwa wale wanaosema 2 na 4 zinaleta 8. Sababu ni kwamba 2 na 3 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, wakati 4 na 6 zinashirikiana 2, na ile 2 imehesabiwa mara mbili. Hapa ndipo mahali pa kuunganisha somo hili na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika), ambazo wanafunzi huziona kama sura ya mbali isiyohusiana. Namba inayogawanyika kwa 4 na kwa 6 kwa hakika inagawanyika kwa KDS yao, ambayo ni 12.

Kwa 12 tumia 3 na 4, ambazo hazishirikiani. Mwulize mtoto: daftari 1,716 zinaweza kufungwa kwa dazani bila kubaki? Tarakimu zinatoa 15, kwa 3 sawa. Mbili za mwisho ni 16, kwa 4 sawa. Basi ni dazani kamili, 143.

Namba 11 ni tamu kwa vijiti ukiwa na muda. Fungu la kumi kwa watoto kumi na mmoja linapungukiwa kijiti kimoja, ni deni. Mia inabakiza kimoja, maana 99 ni 11 mara 9. Elfu inapungukiwa tena kimoja, maana 1,001 ni 11 mara 91. Kwa hiyo ukitoka kulia unajumlisha, unatoa, unajumlisha, unatoa. Kwa 2,728: 8 toa 2 jumlisha 7 toa 2, ni 11, inagawanyika. Usiiweke kwenye mtihani wa Darasa la Tano. Iweke kwa wale wanaomaliza zoezi mapema.

Kuhusu 7, ushauri wangu ni kuiondoa kabisa kwenye orodha ya kukariri. Ukigawa kumi, mia, elfu na kuendelea kwa 7, zinabaki 3, 2, 6, 4, 5, 1, kisha zinarudia. Hakuna mtoto anayepaswa kubeba mzigo huo, wakati kugawa moja kwa moja ni haraka zaidi. Lakini wasimulie habari ya Chika Ofili, mvulana wa asili ya Nigeria aliyekuwa akisoma London. Mwaka 2019, akiwa na miaka 12, alitambuliwa hadharani kwa njia yake ya kupima 7: chukua tarakimu ya mwisho, zidisha kwa 5, ongeza kwenye namba iliyobaki. Kwa 532: 2 mara 5 ni 10, ongeza kwenye 53, unapata 63, nayo inagawanyika kwa 7, kwa hiyo 532 inagawanyika. Inakubali kwa sababu ukilizidisha jibu lako kwa 10 unapata namba ya mwanzo pamoja na tarakimu ya mwisho mara 49, na 49 ni saba mara saba. Kupima 7 kwa kupunguza namba namna hii ni jambo la zamani katika Hisabati, lakini mtoto yule aliifikia njia yake kwa kuketi na namba na kuziuliza. Nataka watoto wako 87 wajue kwamba jambo hilo linawezekana katika umri wao.

Halafu wape mchezo huu. Kila mmoja aandike namba ya tarakimu tatu kwa siri, kisha airudie mbele yake iwe ya tarakimu sita, kama 358358. Agawe kwa 7. Wote watashangaa kuwa hakuna baki. Jibu lile wagawe kwa 11. Hakuna baki. Jibu lile wagawe kwa 13, na kila mmoja atarudia namba yake ya siri. Kurudia tarakimu tatu ni kuzidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Ni mazoezi matatu ya kugawa ambayo watoto wanayamaliza bila kusukumwa.

Utaulizwa haya yote yana kazi gani. Usiwajibu kwa maneno ya jumla. Wape sehemu 84/126 wairahisishe. Asiyejua atagawa kwa 2, atahangaika, atakata tamaa. Anayejua ataona zote ni shufwa, tarakimu zinatoa 12 na 9, basi zote zinagawanyika kwa 6, inakuwa 14/21, halafu 2/3. Wape miaka. Mwaka mrefu ni ule unaogawanyika kwa 4, kama 2024 na 2028, lakini kwa kalenda iliyotengenezwa mwaka 1582 ile inayoishia na 00 lazima igawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mwaka mrefu, na 1900 haukuwa. Uchaguzi mkuu wetu tangu 1995 umefanyika katika miaka inayogawanyika kwa 5. Na wapenda mpira waulize miaka ya Kombe la Dunia, 2018, 2022, 2026, ukigawa kwa 4 inabaki nini.

Na 9 ina kazi ya mkaguzi. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu katika karne za kati waliitumia kukagua majibu ya kuzidisha. Mtoto amepata 347 × 26 = 9,022. Tarakimu za 347 zinatoa 14, kisha 5. Za 26 zinatoa 8. Tano mara nane ni 40, yaani 4. Za 9,022 zinatoa 13, yaani 4. Zimekubaliana. Zisipokubaliana, jibu ni baya kwa hakika. Zikikubaliana bado kosa linaweza kujificha, kwa mfano la kupindua tarakimu: 9,202 nayo ingetoa 4. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kikoba chetu kwa miaka, na jioni moja fedha kwenye sanduku zilipungua shilingi 2,700 kwenye daftari. Watu walianza kutazamana. Nilipoona 2,700 inagawanyika kwa 9 niliomba dakika tano, nikatafuta mahali palipopinduliwa tarakimu, na nikapaona: mwanachama alileta 3,600, nikaandika 6,300. Tarakimu mbili zinazofuatana zikipinduliwa, tofauti inagawanyika kwa 9 daima. Sio kila tofauti ya namna hiyo ni kupindua, lakini ndipo pa kuanza kutafuta.

Mwisho, kuhusu mtihani wenyewe. Acha maswali ya "je, 432 inagawanyika kwa 3?", kwa sababu anayebahatisha ana nusu ya kupata. Andika namba yenye pengo, kwa mfano 4▢2, uliza tarakimu zipi zikiwekwa hapo namba itagawanyika kwa 3. Ni 0, 3, 6 na 9. Kwa 4 je? Ni 1, 3, 5, 7 na 9, yaani witiri zote. Kwa 12? Zile zilizomo katika orodha zote mbili, 3 na 9. Kila swali lifuatiwe na mstari mmoja mtupu wenye neno "kwa sababu". Ukisahihisha, soma mstari huo kwanza. Mtoto akikuandikia "kwa sababu mia haibakizi kitu", huyo mpe alama zake zote hata kama mkono uliteleza kwenye hesabu, na ile manila usiirudishe ukutani.